Kitufe cha NVDA kwenye Windows iliyo ndani ya Mac
NVDA, programu ya Windows inayowasomea wasioona skrini kwa sauti, huamriwa kwa kushikilia Caps Lock au Insert pamoja na vitufe vingine. Kwenye Mac haiitiki Caps Lock kwa sababu macOS huichukulia kama swichi ya kuwasha na kuzima. Windows kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya Mac) haijui kuwa umeishikilia. Na kibodi ya MacBook haina Insert. Itoe kafara Command ya kulia iwe Insert, hutaihitaji sana. Ndani ya Windows fungua SharpKeys, programu ya kubadilisha kazi za vitufe, bonyeza Add, kushoto chagua Right Windows (ndivyo Windows inavyoiona Command ya kulia), msimbo E0_5C, kulia Insert, E0_52, kisha Write to Registry. Washa Windows upya. Kusimamisha mashine kwa Suspend hakutoshi, maana mpangilio husomwa Windows inapowaka. VoiceOver, kisoma skrini cha Mac, ikisema wakati mmoja na NVDA, izime kwa Command na F5 kabla hujaingia Windows.