Kaa na watu wenu kwanza: Nyerere, Tabora 1958 na sisi wauza samaki

Vijana wanaoongoza wenzao kudai haki, wawe wachuuzi, madereva wa bodaboda au wanafunzi, huniuliza namna ya kumkabili mkubwa. Wanataka kujua barua iandikweje, aonwe nani, watu wagome lini. Nimekuwa katibu wa kikundi cha wauza samaki hapa Tanga kwa muda mrefu, na kazi iliyoninyima usingizi kuliko zote ni ya kukaa na watu wetu wenyewe mpaka tuelewane. Barua kwa mkubwa huandikwa kwa saa moja.

Anayetaka kulielewa hilo ayatazame maisha ya Mwalimu Nyerere kabla hajawa rais. Tumemzoea kwenye noti na kwenye picha za ofisini. Mimi humfikiria yule mwalimu wa Pugu mwenye miaka 32, aliyekabidhiwa kuiongoza TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, siku ilipozaliwa, 7 Julai 1954. Machi ya mwaka uliofuata wanachama walimchangia nauli akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini mikononi mwa Waingereza. Aliporudi ikambidi achague kati ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu, na mshahara ukaenda nao, naye ana familia changa.

Kwa nini watu wa TANU hawakushika silaha? Kwetu Pwani swali hili si geni. Hapo Pangani Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya Pwani dhidi yao, Desemba 1889. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliondoka na watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa. Siidharau damu ile, na jina la Abushiri nalitaja kwa heshima. Lakini TANU ilikuwa na kitu ambacho wale wa mwanzo hawakukipata: chama cha nchi nzima chenye kadi, matawi na lugha moja, na akina mama chini ya Bibi Titi Mohamed waliokuwa wakiingiza wanachama kwa wingi. Serikali haikuwa na dawa ya kitu kama hicho, ila kusubiri kitoe kisingizio. Mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadharani, na matawi kadhaa ya chama yakafungwa au yakanyimwa usajili. Mkutano mmoja tu ungemalizika kwa mawe, kazi yote ingeharibika.

Kisha ukaja mtihani wa kura tatu. Waingereza walitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa sharti kwamba kila mpiga kura awachague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kupiga kura kwenyewe kulitaka uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango walichokiweka wao, au cheo. Yaani mamilioni ya Waafrika wapate viti sawa na kila moja ya jamii mbili ndogo, na wengi wao wasiruhusiwe hata kupiga kura. Lilikuwa tusi. Wajumbe wengi walikwenda kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wakiwa wameshaamua moyoni kususia.

Nyerere aliona kwamba wakisusia, viti vitachukuliwa na chama cha UTP kilichopendelewa na serikali, na TANU itabaki nje ikipiga kelele. Akawapa mfano wa shamba lililoiva ambalo mbele yake kuna tope: anayetaka mavuno lazima akubali kuchafua miguu. Mabishano yalikuwa makali. Mwishowe hoja ya kushiriki ikapita, na tangu hapo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu watu wa Tanga. Wazee wa hapa husimulia kwamba kabla ya Tabora Nyerere alikuja Tanga, akakaa faragha na viongozi wa TANU wa huku, akiwemo Mwalimu Kihere na Abdallah Rashid Sembe. Aliwaeleza hofu yake na sababu zake, wakabishana mpaka wakaelewana. Kwa hiyo alipoinuka kusema Tabora, hakuwa peke yake. Kwangu mimi safari hiyo ina uzito kuliko hotuba yenyewe.

Nilikuja kuyaona haya kwa macho yangu sokoni. Ushuru wa ndoo ulipandishwa bila taarifa, risiti hazitolewi, na wanaokataa wanatishiwa kunyang'anywa meza. Vijana wetu walitaka kufunga barabara. Niliwaomba subira, nikaanza kupita kwa watu mmoja mmoja: mama wakaangaji alfajiri kabla mashua hazijaingia, wachuuzi wa baiskeli mchana, manahodha baada ya alasiri. Sikuwa na maneno makubwa. Niliuliza, tukifunga barabara nani atakamatwa, nani atamlisha mwanawe, na samaki wa siku hiyo watauzwa wapi? Wakali kuliko wote niliwapa kazi ya kuandika kila malipo kwenye daftari: tarehe, kiasi, na kama risiti imetoka.

Tulipoitwa kwenye mazungumzo tukapewa viti viwili tu katika kamati, wakati sisi ndio wengi na ndio walipaji. Wenzangu waliona ni dharau, na ilikuwa dharau kweli. Nikawasimulia habari za kura tatu. Tuliingia. Risiti tulizipata, na vitisho vya meza vikakoma. Ushuru haukushuka kama tulivyotaka, tunaendelea kuudai.

Jambo jingine viongozi vijana walizingatie. Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alishtakiwa kwa makala katika gazeti la chama lililowashutumu maofisa wa serikali. Mahakama ikampa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotamani aende jela awe shujaa. Faini ikalipwa, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mlangoni na kazi ilimhitaji nje. Wagombea waliosimama na TANU, Waasia na Wazungu wakiwemo, walishinda kwa kishindo. Mwaka 1960 chama kikachukua viti 70 kati ya 71, na 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa. Kijana anayepima uongozi wake kwa idadi ya siku alizolala mahabusu aitafakari faini ile.

Basi ukiwa na mgogoro leo, usianze na maandamano. Tafuta wale wanaoheshimiwa na wakali wenu, nenda kwao nyumbani, waambie ukweli wote pamoja na yale msiyoweza kuyapata. Michango isomwe hadharani kila wiki, hata kama ni mia tano. Na mkipewa kiti kwenye kamati, kichukueni, mwende na daftari, na swali lenu la kwanza liwe: risiti za mwaka jana ziko wapi?