Ouija haikuangushwa na kukosa damu

Habari wakuu. Kuna mdau kaeleza kwamba likizo hii aliwawekea wadogo zake Ouija, ile filamu ya kutisha ya 2014, wakiwa nyumbani Sakina, Arusha. Watoto wa kidato cha pili na cha tatu. Mmoja alisinzia, mmoja akawa anacheka, wa tatu usiku ule hakutaka kwenda chooni bila kusindikizwa. Alipoingia mtandaoni kusoma maoni akakuta wengine wanaiita takataka na wengine wanaitetea kwa nguvu. Anauliza: filamu ni mbovu kweli au inaonewa? Na inafaa kwa umri huo?

Nitajibu kwa kirefu, maana watazamaji wa filamu za aina hii nimekaa nao sana. Nilikuwa na duka la DVD hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, miaka ile watu wanahama kutoka kukodi diski kwenda kujaziwa flashi. Mteja akirudisha diski anakupa na hukumu yake hapohapo, na ukimsikiliza vizuri unajua kesho umpe nini. Za kutisha zilitoka kuliko zote likizo ya Juni, baridi imekaza na wanafunzi wa bweni wamejaa majumbani.

Kwa ambao hawajaiona: binti anayeitwa Laine anafiwa na Debbie, rafiki yake wa tangu utotoni. Kwa uchungu anawakusanya wenzake wajaribu kuongea na marehemu kupitia ubao wa Ouija, ule wenye herufi na kibao kidogo wanachokiwekea vidole. Anayewajibu siye Debbie. Kuanzia hapo wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Hakuna mapanga, hakuna utumbo nje, na vifo vingi vinakatwa kabla hujaona kitu.

Wateja wangu waligawanyika kama wadogo zako walivyogawanyika. Vijana wa gereji na wa bodaboda, waliozoea zile za misumeno, waliikataa. "Mangi, hapa umetupiga, watu wanakufa na hatuoni chochote." Mabinti wa sekondari waliichukua, wakarudisha, wakawaleta wenzao, wao kilichowagusa ni Laine kumpoteza rafiki na kutokubali. Halafu kuna mama mmoja, mtu wa kanisani ninayemheshimu mpaka leo, alikuja na diski ameifunga kwenye mfuko, akaiweka mezani: "Baba, hii unawafundisha watoto kuita mapepo." Hakugusia uigizaji wala hadithi. Lakini katika wote hao, ni yeye aliyeichukulia filamu kwa uzito ambao filamu yenyewe ilitaka ichukuliwe, na maoni yake sikuyaona madogo kuliko ya vijana wa gereji.

Sasa hoja ya damu. Ouija ilipewa daraja la PG-13 Marekani. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1984, na maana yake ni kwamba mzazi anaonywa kuhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, ila mtoto hazuiwi mlangoni. Daraja la juu yake, R, linamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka vijana wanunue tiketi wenyewe lazima apunguze damu. Ni uamuzi wa biashara, na ulilipa: filamu iligharimu kama dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Kumlaumu mtu aliyepika uji kwamba hakupika ugali hakusaidii. Muulize kama uji wenyewe umeiva.

Tena upole si ugonjwa. The Ring ya 2002 ilikuwa PG-13 vilevile, na hakuna diski iliyowahi kurudishwa dukani kwangu mapema kama ile. Mzee mmoja wa Pasua alinisubiri nifungue duka, hakutaka ilale kwake usiku wa pili. Rudi nyuma mpaka Halloween ya 1978: damu kidogo sana, gharama kama dola 300,000, muongozaji John Carpenter akatunga muziki mwenyewe, na mpaka leo muziki ule ukianza mtu anageuka kutazama mlango. Kwa hiyo wanaosema "ni ya watoto ndiyo maana haitishi", hapana, sikubaliani nao.

Na bajeti ndogo? Hilo nalo silipokei kama utetezi. Blumhouse, moja ya kampuni zilizotayarisha Ouija, ilijijenga kwa filamu za bei ndogo: nyumba moja, waigizaji wachache wasio na majina makubwa. Paranormal Activity ilitengenezwa kwa dola 15,000 hivi na ikaingiza karibu dola milioni 200. Mtu anayejua kutumia nyumba moja hakosi kitu akiongezewa pesa.

Mimi naona imeangukia sehemu mbili. Kwanza, Debbie anakufa dakika za mwanzo kabisa, kabla hatujamjua. Tunaambiwa alipendwa, hatukuonyeshwa alivyopendwa. Wenzake nao wanafanana mno. Nilipokuwa nawauliza mabinti, "Yule wa kwenye bwawa la kuogelea alikuwa nani?" walitaja sura, si jina. Mtu usiyemjua akiingia kwenye nyumba yenye giza unaangalia saa. Mtu unayemjua akiingia unamwambia asiingie. Kwenye vibanda umiza vyetu hilo linasikika wazi, watu wanapiga kelele, "Dada, usifungue!" Ouija ilipoonyeshwa sikusikia mtu akimkataza yeyote mlango.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, karibu kila tukio la kutisha linabebwa na sauti ya kupasuka ghafla. Kimya, kimya, halafu bwaa! Mwili unaruka, ndiyo, ila sekunde tano baadaye umesahau. Jaribu kuzima sauti kabisa kwenye matukio hayo uone kinachobaki. Duka langu lilikuwa na bati bila dari, na masika mvua ikishuka huwezi kusikia mazungumzo ya kwenye TV. Nilikuwa naangalia watu wamesimama pale wakikinga mvua: kuna filamu ziliwashika hata sauti ikimezwa, kwa picha peke yake, kwa jinsi mtu alivyosimama nyuma ya pazia. Ouija mvua iliiua.

Ndiyo maana kwa yeyote anayeuliza, namwelekeza kwa Ouija: Origin of Evil ya 2016. Inarudi nyuma mpaka Los Angeles mwaka 1967 na kusimulia familia ya Zander, inayotajwa kwenye ile ya kwanza. Daraja ni lilelile la PG-13, ubao ni uleule, bajeti bado ndogo kwa vipimo vya Hollywood. Ila muongozaji ni mwingine, Mike Flanagan, na tofauti ni kubwa mno. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ile ya 2014 iliipa chini ya asilimia 10. Hii ya 2016 ilivuka 80.

Kafanya nini? Kaanza na watu. Mama mjane, Alice, anaendesha maisha kwa kuwadanganya wateja kwamba anaongea na marehemu wao, na binti zake wawili, Lina na Doris, wanamsaidia kwa nyuzi na vitu vya kuvuta chini ya meza. Ni utapeli, lakini mama anaamini anawapa watu faraja, na mkopo wa nyumba unadaiwa. Unawapenda kabla hujawaogopea. Halafu kuna tukio moja, wakuu: Doris, mtoto mdogo, anamweleza kijana aliyekuja kumtembelea dada yake jinsi mtu anavyojisikia akinyongwa mpaka kufa. Anaongea polepole, anatabasamu, hakuna muziki wa kushtua, hakuna tone la damu. Nililitazama mchana kweupe na nikainuka kufunga dirisha. Upole wa daraja haukumzuia chochote. Hata picha kaipa sura ya filamu za zamani, pamoja na zile alama za duara zinazotokea pembeni kuashiria mkanda unabadilishwa. Waliowahi kukaa kwenye kumbi za sinema za zamani watazitambua.

Kitu kingine kinachogawa maoni, na wahakiki wa Marekani hawawezi kukiona, ni ubao wenyewe. Kule ni mchezo wa dukani. Elijah Bond wa Baltimore alipata hataza ya ubao huo, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1891, na leo alama ya biashara iko kwa kampuni ya vitu vya kuchezea, Hasbro. Mmarekani amekua akiuona kabatini kwa bibi yake, kwa hiyo kitu cha kawaida kugeuka kibaya kinamtisha. Mtoto wa Sakina hajawahi kuuona. Yule aliyecheka alikuwa na haki yake. Ila mtu mzima wa kwetu anaufananisha mara moja na ramli, na ramli si mchezo wa kabatini.

Ndiyo inanileta kwa umri. Watoto wa dada yangu, mabinti wawili, baada ya kuiona walichora herufi kwenye boksi la viatu wakageuza glasi juu yake. Glasi ikatembea. Walikuja kwangu wanatetemeka: "Mjomba, hatukuisukuma!" Na walikuwa wanasema kweli, hawakujua kama wanaisukuma. Misuli inafanya miondoko midogo sana mtu anapotarajia jambo, bila yeye kuhisi ameamua. Daktari Mwingereza William Carpenter alilieleza hili mwaka 1852. Tukafanya jaribio. Nikawafunga macho kwa vitenge, nikalizungusha boksi, upande wa mbali ukaja karibu yao, bila kuwaambia, nikauliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Glasi ikaenda pale ambapo "ndiyo" ilikuwepo kabla sijageuza, sehemu tupu. Walipofungua macho walinyamaza, kisha wakaanza kubishana nani alisukuma zaidi. Mdau, kama wadogo zako wamebaki na hofu, fanya hivyo nao. Na kama nyumba yenu imani haikubali hata kuchora, basi elezeni kwa maneno, inatosha.

Kwangu mzimu si tatizo kubwa la filamu hii kwa watoto wa kidato cha pili. Tatizo ni kwamba kifo cha Debbie kinaonyeshwa kama cha kujinyonga, kinapita haraka, na kwa sehemu kubwa ya hadithi wenzake wanahangaika kujua "kwa nini" bila mtu mzima hata mmoja kukaa nao chini. Mtoto aliyefiwa karibuni, au anayepita kipindi kigumu, usimwachie aitazame peke yake na simu chumbani. Huyo aliyegoma kwenda chooni mimi ningemuuliza kwanza ni sehemu gani iliyomkaa, badala ya kudhani ni yule msichana mwenye mdomo ulioshonwa.

Mkiamua kuendelea, anzeni na ya 2016. Itawafunulia siri moja ya ile ya 2014, ila hasara ni ndogo ukilinganisha na mtakachopata. Tazameni pamoja, jioni, sabufa iwe chini. Na tafuteni nakala isiyo na sauti ya DJ anayetafsiri kwa Kiswahili juu yake. Watafsiri wetu nawaheshimu, nimekua na sauti ya Lufufu masikioni, na za mapigano hazinogi bila wao; lakini hii inaishi kwenye minong'ono ya yule mtoto, na mtu akiongea juu yake mmepoteza nusu ya filamu.