Kabla hujanunua waya wa pampu, piga hesabu ya umeme utakaopotea njiani

Wateja wangu wengi ni wakulima ambao kisima chao kiko mbali na nyumba. Nguzo na mita ya Luku viko upande wa nyumba, pampu iko bondeni, mita 200 au zaidi, na swali la kwanza huwa ni bei ya waya. Mimi huwaomba tuanze na jingine: katika uniti utakazonunua, ngapi zitaishia kuupasha waya joto? Kila kinachopotea baada ya mita unakilipia wewe, na kwa pampu inayofanya kazi msimu mzima pesa hiyo si ndogo.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Upotevu kwa wati ni ampea zidisha kwa ampea, kisha zidisha kwa ukinzani wa waya, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu. Ukinzani unaupata kwa kuchukua 0.0175 kama waya ni wa shaba, au 0.028 kama ni wa alumini, ukazidisha kwa urefu wa mita, ukagawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Kwa umeme wa njia moja (single phase) urefu unahesabiwa mara mbili, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Shamba likiwa mita 200, andika 400.

Tuchukue pampu ya kilowati 2.2, ile ya hospawa 3, ya njia moja. Ikiwa na mzigo kamili inavuta kama ampea 15. Ukiipelekea waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, ukinzani ni 0.0175 × 400 ÷ 4, yaani omu 1.75. Upotevu ni 15 × 15 × 1.75, karibu wati 394. Katika kila uniti 100 unazolipia, kama 13 haziifikii pampu kabisa.

Sasa ziweke kwenye mwaka. Pampu ikifanya kazi saa 6 kwa siku, siku 300, hizo ni saa 1,800, na uniti zinazopotea ni kama 709. Tuseme uniti moja unainunua kwa shilingi 350 (weka bei yako mwenyewe), basi ni shilingi 248,000 kwa mwaka. Ukiweka shaba ya milimita 10, upotevu unashuka hadi wati 158, na pesa inakuwa kama 99,000. Ukienda mpaka milimita 16 inabaki kama 62,000. Angalia hapo vizuri: kutoka 4 kwenda 10 unaokoa karibu 149,000 kila mwaka, lakini kutoka 10 kwenda 16 ni 37,000 tu. Kila unapoongeza unene faida inapungua, wakati bei ya shaba inazidi kupanda. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza jambo hili mwaka 1881: unene unaofaa ni ule ambao gharama ya mwaka ya waya inalingana na gharama ya mwaka ya umeme unaopotea.

Kwa hiyo muulize muuza duka tofauti ya bei, uigawanye kwa pesa utakayookoa kwa mwaka. Akikuambia kutoka 4 kwenda 10 utaongeza shilingi 1,200,000, pesa yako itarudi baada ya miaka minane. Wengi wakifika hapo hukata tamaa, na mimi siwalaumu. Ila kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kurudi kwenye waya mwembamba.

La kwanza ni mota yenyewe. Ampea 15 zikipita kwenye omu 1.75 zinaondoka na volti kama 26. Umeme ukitoka kwenye mita na volti 230, pampu inapata kama 205. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, kwenye mita kwenyewe inaweza kuwa 210, na pampu ikabaki na 185. Mota ya namna hiyo inahangaika kuanza, inavuta ampea nyingi zaidi, inachemka. Mota ambazo nimepeleka kwa fundi wa kusuka upya nyaya za ndani kwa sababu ya volti ndogo ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na radi. Gharama ya kusuka mota, na ya nyanya kukosa maji wakati mota iko kwa fundi, iingie kwenye hesabu yako.

La pili ni kwamba shaba siyo njia pekee. Alumini ya milimita 16 ina ukinzani ule ule wa shaba ya milimita 10, uzito wake ni kama nusu, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Masharti yake yako kwenye viungo: usiisokote na shaba kwa koleo ukafunga tepu. Tumia kiunganishi kilichotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili, maana kiungo kibaya kinakula umeme na mwisho wake kinaungua.

Na kama nguzo yako ina umeme wa njia tatu (three phase), fikiria pampu ya njia tatu kabla ya kitu kingine chochote. Kazi ile ile ya kilowati 2.2 itavuta kama ampea 5 kwenye kila waya. Hapa urefu hauhesabiwi mara mbili, kwa hiyo kwa waya za milimita 4 zile zile ukinzani wa kila waya ni 0.0175 × 200 ÷ 4, yaani 0.875, na upotevu wa waya tatu ni 3 × 5 × 5 × 0.875, yaani kama wati 66. Kutoka 394 hadi 66! Sababu ni ile ya ampea kuzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Njia kuu ya umeme ya Iringa hadi Shinyanga, kama kilomita 670, ilijengwa kwa kilovolti 400 badala ya 220 kwa sababu hiyo hiyo: kwa mzigo uleule na waya uleule, volti zikipanda ampea zinashuka, na upotevu unapungua zaidi ya mara tatu.

Kama mzigo wako unabadilikabadilika, usitumie ampea za wastani. Laini inayobeba ampea 40 kwa saa 4 za jioni na ampea 10 kwa saa 20 zilizobaki ina wastani wa 15. Ukizidisha 15 kwa 15 unapata 225, lakini ukizidisha ampea za kila saa zenyewe kwa zenyewe kwanza, wastani wa kweli ni 350. Zile saa nne za jioni peke yake zinabeba asilimia 76 ya upotevu wote. Mwenye mashine ya kusaga na pampu kwenye laini moja asiviwashe kwa pamoja kama si lazima.

Mwisho, pima waya dukani. Waya wa shaba wa milimita 4 kwa kawaida una nyuzi saba, kila uzi kipenyo cha milimita 0.85. Nenda na venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo, chuna kipande, pima. Ukikuta 0.75, hapo una milimita 3.1 za mraba tu, hata kama ganda limeandikwa 4, na upotevu wako umeongezeka kwa karibu asilimia 29 kabla hujafunga chochote.