Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Uhandisi kwa Roboti ya Chini ya Maji

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Lamu. Ningependa kuwafundisha wanafunzi wangu uhandisi kwa kuunda roboti ya chini ya maji, lakini shule yetu haina maabara ya kompyuta wala bwawa la kuogelea. Wenzangu wananishauri ningojee mfadhili wa kutununulia roboti iliyokamilika. Je, ningojee?
Mwalimu, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Usingojee. Roboti iliyonunuliwa ikiwa tayari itawafunza wanafunzi wako kuiendesha tu, ilhali uhandisi wenyewe umo katika kupima, kukata, kuziba, kujaribu na kurekebisha. Mpango wa SeaPerch, ulioanzishwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani mwaka 2003, ulijengwa juu ya wazo hilo hilo: mwanafunzi hutengeneza kiunzi kwa mabomba ya plastiki, hufunga mota tatu ndogo za volti 12, mbili za kwenda mbele na kugeuka na moja ya kupanda na kushuka, kisha huziendesha kwa swichi kupitia waya unaotoka juu ya maji. Kompyuta haihitajiki. Waya hauepukiki, kwa sababu mawimbi ya redio hufifia upesi mno katika maji ya chumvi.

Anza na kuelea, na ukae hapo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Waambie watoboe mashimo madogo kwenye mabomba ya kiunzi ili maji yaingie. Bomba moja likisahauliwa, hewa iliyonaswa ndani yake itainua upande huo na roboti italala kimbavu. Baada ya hapo wafunge vipande vya boya juu na vizito chini, wakiongeza na kupunguza kidogo kidogo, mpaka roboti ikizamishwa katika pipa la maji ya mvua itulie ilipoachwa, isipande wala isishuke. Hapa ningekusihi umwalike fundi wa majahazi kutoka Matondoni aje awaeleze kwa nini farumi, yaani vizito vya kutuliza chombo, hupangwa chini kabisa na nini hutokea mzigo unapopandishwa juu. Ni elimu ya uhandisi iliyo mlangoni pako, na inasikitisha kwamba shule zetu nyingi za pwani hazijawahi kuifungulia mlango.

Kisha wapeleke roboti baharini, nao watashangaa kuona kwamba iliyotulia pipani sasa inaelea. Usiwape jibu haraka. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na ya maji ya bahari hukaribia kilo 1.025, kwa hiyo roboti inayochukua nafasi ya lita 4 za maji itahitaji kuongezewa takriban gramu 100 ili itulie tena. Mwanafunzi aliyekokotoa gramu hizo kwenye daftari, akazifunga kwa mkono wake mwenyewe na kuona roboti ikitii, hatahitaji kukaririshwa kanuni ya Archimedes, kwamba maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimechukua nafasi yake.

Somo la pili lenye utajiri ni waya. Ukitumia waya mwembamba wa mtandao wa kompyuta wenye urefu wa mita 15, umeme husafiri mita 30 kwenda na kurudi, na ukinzani wa njia hiyo ni kama ohm 2.5. Mota ikivuta ampea 2, volti 5 hivi hupotea njiani, na mota hubaki na 7 tu kati ya zile 12. Wanafunzi watasema waya mnene ndio dawa. Waache waujaribu, waone jinsi uzito wake unavyoivuta roboti chini na jinsi mkondo wa maji unavyoukokota, kisha wajadiliane wenyewe ni unene gani unaofaa kwa kazi yao. Majadiliano hayo yana thamani kubwa kuliko roboti yenyewe.

Kuhusu kuziba, mota huwekwa ndani ya kikopo kidogo kilichojazwa nta, na tundu la mhimili unaozunguka liwe dogo kadiri iwezekanavyo. Jaribuni kila mota peke yake ndani ya ndoo kabla ya kuifunga kwenye kiunzi.

Bwawa si lazima. Chagueni siku za maji mafu, ambazo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa kuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, mkondo wa mbele ya mji utazishinda mota hizo ndogo.

SWALI: Mwanangu na wenzake wanataka kwenda kujaribu roboti yao baharini. Nahofia umeme na maji ya chumvi. Je, nimruhusu?
Mama wa mwanafunzi, Malindi

JIBU: Mruhusu, Mama, kwa masharti. Betri ya volti 12 ibaki nchi kavu au ndani ya mashua, iwe na fyuzi karibu na ncha yake ya chanya, na asiwepo mtu wa kuleta umeme wa nyumbani karibu na maji kwa sababu yoyote ile. Betri ichajiwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Rafadha, yaani mapanga yanayozungushwa na mota, zizungushiwe kinga ili zisikate vidole wala kunasa nyasi za bahari. Awepo mtu mzima anayejua kuogelea. Ikiwa wanakusudia kuingia katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka 1968, mwalimu aombe kwanza idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na roboti isigusishwe matumbawe. Wakimaliza, waisuuze kwa maji matamu siku hiyo hiyo, hasa viungo vya waya, kwa sababu shaba iliyoachwa na chumvi huota kutu ya kijani, na swichi iliyofanya kazi leo itakataa kesho.