Mdogo wangu, usianze na huruma

Umesema mdahalo ni Ijumaa, umepangiwa kupinga adhabu ya kifo, na unataka kufungua kwa kuzungumzia huruma. Mimi nisingeanza hapo. Mpinzani wako atasimama aulize, "Na aliyeuawa, nani alimhurumia?" na ukumbi mzima utampigia makofi.

Anza na makosa ya mahakama. Mwaka 1950 Uingereza ilimnyonga Timothy Evans kwa kumuua binti yake mchanga. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa jirani aliyeishi chini yao, John Christie. Miaka 3 baadaye miili ya wanawake ikakutwa nyumbani kwa Christie, naye akakiri kumuua mke wa Evans, aliyekutwa ameuawa pamoja na binti huyo. Mwaka 1966 Evans akasamehewa rasmi. Msamaha huo alikabidhiwa nani? Waulize hivyohivyo, kisha unyamaze kidogo.

Hoja kwamba kitanzi huwatia watu hofu watakuja nayo tu. Kanada iliifuta adhabu hii kwa mauaji mwaka 1976, na katika miaka iliyofuata kiwango cha mauaji kilishuka. Usidai kwamba kuifuta ndiko kulikokishusha, maana mtu makini atakubana (mimi nilishabanwa hivyo, aibu yake naikumbuka). Sema tu kwamba balaa lililohofiwa halikutokea.

Wakisema hayo ni ya Wazungu, rudi nyumbani: Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994, ingawa majaji wanaendelea kuitoa hukumu hiyo. Halafu andaa jibu la "basi wauaji wafanywe nini?", kwa sababu lazima utaulizwa.