Akirudi kazini hasemi na mtu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 na ana usonji. Tangu utotoni tulimfundisha kumtazama mtu usoni, kutorusharusha mikono, kucheka wenzake wanapocheka. Akaweza, na sasa ameajiriwa kwenye stesheneri hapa Morogoro; wateja hata hawashtuki. Shida ni akirudi. Anazima taa, anajifungia, hasemi na mtu mpaka asubuhi. Daftari lake la kuandika mabasi yanayoingia Msamvu, alilolipenda kuliko chakula, siku hizi haligusi. Hospitali aliulizwa anajisikiaje, akajibu "mzima", tukarudishwa. Mama mkubwa anasema akaze moyo. Nasikia kuna mtafiti Uingereza anayeshughulikia afya ya akili ya watu kama yeye. Kuna la kutusaidia sisi? Na je, aache kazi?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkubwa mpe chai, mbadilishe mazungumzo.

Nadhani unamsema Sarah Cassidy wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 374 wa Uingereza waliobainika ukubwani kuwa na ule usonji uliokuwa ukiitwa Asperger. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Usiichukue namba hiyo ukampimia mdogo wako: wale waliishi miaka mingi bila kujua wana nini, yeye alijulikana mapema na ana ndugu. Ila utafiti wao wa mwaka 2018 ulionyesha mambo mawili yanayoambatana na hatari hiyo kwa watu wenye usonji: kukosa msaada wanaouhitaji, na kuuficha usonji wao mbele za watu.

Hilo la pili liko nyumbani kwenu. Hebu iangalie siku yake pale dukani. Mashine ya fotokopi inanguruma, mteja anaharakisha, na yeye anapima amtazame mtu usoni kwa muda gani, anaibana mikono isiruke, anavizia pa kucheka, na chenji isikosewe. Jioni hana kilichobaki. Giza la chumbani linampumzisha, basi msimgongee mlango kumuuliza habari za kazi. Mwekeeni chakula, na nyumbani mikono airushe anavyotaka. Mliyomfundisha yanamsaidia barabarani, lakini hawezi kuyabeba saa zote.

Kinachonipa wasiwasi ni lile daftari. Mtu mwenye usonji akiacha kitu anachokipenda namna hiyo, mimi huwa silali. Huenda ni sonona, huenda ni uchovu wa kujificha, na vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja bila shida.

Sasa hilo jibu la "mzima". Takriban nusu ya watu wenye usonji hupata taabu kuitambua hisia yao na kuitaja. Uliza "unajisikiaje" utapewa salamu. Cassidy na wenzake waligundua kuwa hata madodoso ya kawaida ya kupima fikra za kujiua hayaeleweki kwa watu wenye usonji kama yanavyoeleweka kwa wengine, wakaketi na watu wazima wenye usonji na kulitengeneza upya mojawapo. Wewe huhitaji dodoso. Muulize vitu vinavyoshikika: jana ulilala saa ngapi? Kifua kinabana ukiwa wapi? Mwisho kwenda Msamvu ni lini, na kwa nini hujarudi? Kama kuandika ni rahisi kwake, aandike.

Halafu muulize waziwazi, bila mafumbo: "Unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Wazazi wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo. Si kweli. Ukizunguka na "una mawazo mabaya?", atatafakari mawazo mabaya ni yapi, na jibu hutalipata. Akisema ndiyo, asibaki peke yake. Mpelekeni hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo, mwombe daktari wa afya ya akili. Rufaa ikihitajika, kuna Mirembe Dodoma, kuna Muhimbili.

Hata akisema hapana, rudini hospitali na karatasi: alivyokuwa zamani, kilichobadilika, usingizi, chakula, daftari. Mpe daktari mkononi kabla hajauliza lolote. Mwambie pia kwamba mdogo wako huelewa maswali ya moja kwa moja na anahitaji muda wa kujibu.

Jambo jingine la kuiga: Cassidy na Jacqui Rodgers wa Newcastle wamefanyia majaribio mpango wa usalama uliorekebishwa kwa watu wenye usonji. Mtu anaandika mwenyewe, akiwa ametulia, dalili zake za kuzidiwa, kinachomtuliza na wa kumpigia simu. Kaa naye muuandike. Kinachomtuliza akisema ni kukaa stendi akiangalia mabasi, liandikeni hivyo hivyo.

Kazi asiache kwanza. Ongea na mwenye duka, kwa ridhaa yake yeye mdogo wako: akae nyuma kwenye kuchapa na kufunga vitabu, mwingine apokee wateja, na mchana apate nusu saa nje bila kusemeshwa. Mwenye duka akikataa, hapo ndipo mtafute kwingine.