Jibu: Mama anapasuliwa moyo, mbona daktari anaulizia figo?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema mama ana miaka 67, ana sukari na presha, anasubiri kubadilishiwa vali ya moyo, na daktari kila mara anazungumzia figo. Nilimuuguza mzee wangu kwa upasuaji kama huo, tukaulizwa hayo hayo.

Upasuaji wa moyo wenyewe unaweza kuziumiza figo, ndiyo maana anaziulizia. Anza na kipimo chake cha sasa cha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayochujwa na figo; ikipanda, figo zimechoka. Figo iliyokwisha kuchoka ndiyo huumia zaidi. Sukari, presha, umri, upungufu wa damu na moyo unaosukuma kwa unyonge vyote huongeza hatari. Na kadiri anavyokaa muda mrefu kwenye mashine ya kuzungusha damu, ndivyo inavyopanda.

Halafu pekua mkoba wake wa dawa. Mzee wangu alikuwa akimeza diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, kimyakimya, kwake hizo wala hazikuwa dawa za kumtajia daktari! Zilipigwa marufuku palepale, maana huumiza figo. Losartani na dawa za presha za jamii yake usimwachishe mwenyewe, uliza. Kama juzijuzi amepigwa picha ya mishipa ya moyo kwa dawa ya rangi, wakumbushe, maana nayo huzielemea figo.

Baada ya upasuaji macho yangu yalikuwa kwenye mfuko wa mkojo. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, saa 6 mfululizo, figo zinalalamika, mwite nesi. Mzee alipungukiwa mkojo siku ya pili, kreatinini ikapanda, kisha ikashuka bila kusafishwa damu. Wengine husafishwa kwa muda.

Kreatinini ya mama ni ngapi?